Jinsi ya kuupima mkataba wa NBA bila kuishia kwenye jumla ya dola

Kila ikifika mwezi wa saba vijiwe vya Ngamiani hapa Tanga vinajaa mabingwa wa hesabu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Fulani kasaini dola milioni 300, fulani milioni 150, basi wa 300 timu imepigwa na wa 150 timu imeokota, mjadala umefungwa lete kahawa. Mi nasema ile jumla inayowekwa kwenye kichwa cha habari ndo namba inayokusaidia kidogo kuliko zote. Mkataba wa milioni 300 unaweza ukawa wa bei chee kabisa na wa milioni 64 ukawa mzigo timu ikabaki inatafuta wa kumtupia. Kujua upi ni upi haihitaji digrii, unahitaji simu yenye kikokotoo, bando kidogo la kufungua tovuti zenye mishahara kama Spotrac au Basketball Reference, na kujua swali gani uanze nalo.

Namba nitakazotumia nyingi ni za msimu wa 2025-26. Ukiisoma hii baadae badilisha namba, njia ni ileile.

Kwanza toa mpira wa miguu kichwani

Hapa ndo wengi tunakwama kwa sababu tumekulia Mkwakwani. Tumezoea Coastal Union ikimuuza mtu, timu inayomtaka inailipa klabu hela ya usajili halafu inakaa na mchezaji kupanga mshahara upya. NBA hamna hiyo. Timu mbili za NBA haziuziani mchezaji, zinabadilishana, ndo inaitwa tredi, na mkataba unahama na mwenyewe kama ulivyo, mshahara uleule na miaka ileile iliyobaki. Na kama timu imeshavuka ukomo wa mishahara, na timu nyingi zimevuka, basi mishahara inayoingia na inayotoka lazima ikaribiane. Ndo maana unakuta mchezaji wa kawaida tu anayelipwa milioni 20 ana kazi kubwa kwenye tredi kuliko kijana mzuri anayelipwa milioni 2, kwa sababu wa milioni 2 peke yake hawezi kukuletea staa wa milioni 20, hesabu haikubali hata kama timu zote mbili zinataka.

Halafu hela nyingi imehakikishwa. Ukiumia unalipwa, ukishuka kiwango unalipwa, ukikatwa unalipwa. Na mchezaji naye hawezi kuamka asubuhi akaweka hela mezani akasema mimi navunja, ile ishu ya Fei Toto na Yanga iliyotuchosha masikio mpaka akaishia Azam 2023 kule isingekuwa na sura ile. Kule mkitaka kuachana kabla ya muda mnakaa chini mnakubaliana, na kawaida mchezaji ndo anasamehe sehemu ya chake.

Geuza dola ziwe asilimia

Hii ndo hatua yenyewe, ukiruka hii mengine yote ni kelele. Ligi kila mwaka inatangaza ukomo wa mishahara, watu wanaita kepu. Unatoka kwenye mapato, wachezaji wote kwa pamoja wanachukua kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato ya kikapu na kepu inakokotolewa kutokea hapo. Msimu wa 2023-24 ilikuwa dola milioni 136, ikaja 140.6, na 2025-26 ni milioni 154.6. Sasa chukua mshahara wa mchezaji wa msimu husika, gawanya kwa kepu ya msimu huohuo, zidisha mara 100. Unachopata ndo bei halisi. Mtu akikwambia analipa kodi ya fremu laki tatu kwa mwezi huwezi kusema ghali au rahisi, hujui duka linaingiza ngapi, na hapa ni vilevile.

Mfano mtamu kuliko yote ni Stephen Curry. Mwaka 2012 alikuwa ni mtu wa enka (kifundo cha mguu) mbovu, msimu uliokuwa umetoka kuisha alicheza mechi 26 tu, Golden State wakamuongezea miaka minne kwa milioni 44 na wapo waliosema hata hiyo ni hatari. Mkataba ukaanza kufanya kazi 2013, jamaa akapona, akachukua MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, 2015 na tena 2016. Halafu ikaja ile hela ya tv. ESPN na TNT walisaini dili la dola bilioni 24 kwa miaka tisa, na kepu ikaruka kutoka milioni 70 mpaka milioni 94.1 kwa usiku mmoja, kiangazi cha 2016. Curry msimu ule wa 2016-17 analipwa milioni 12.1. Piga hesabu, haifiki hata asilimia 13 ya kepu. Yaani MVP mara mbili mfululizo alikuwa wa nne kwa mshahara kwenye timu yake mwenyewe, na nafasi iliyobaki ndo ikamleta Kevin Durant kwa milioni 26 na ushee. Watu wanalaumu Durant kwenda pale mpaka leo, wala hawaulizi iliwezekanaje. Iliwezekana kwa sababu ya enka ya Curry na hela ya tv kukutana mwaka mmoja.

2017 Curry akasaini miaka mitano milioni 201, wa kwanza kuvuka 200, watu wakapiga mayowe. Mwaka wa kwanza wa ule mkataba ulikuwa milioni 34.7, asilimia 35 ya kepu ya wakati ule. Hiyohiyo milioni 34.7 ukiipeleka 2025-26 ni asilimia 22 na kitu. Dola zilezile, mkataba mwingine kabisa. Kwa hiyo ukimsikia mtu analinganisha mshahara wa 2017 na wa leo moja kwa moja mwache amalizie kahawa yake.

Upande wa pili wa kiangazi kilekile cha 2016 ni vichekesho. Timu zilikuwa na nafasi ya hela hazina mtu wa kumpa. Lakers wakampa Timofey Mozgov milioni 64 kwa miaka minne, na ndugu yetu Luol Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini, milioni 72 kwa miaka minne wakati umri ushamwendea. Deng msimu wa pili kwao alicheza mechi moja. Walipomkata 2018 wakaitandaza hela iliyobaki na wakawa bado wanamlipa mpaka msimu wa 2021-22. Mozgov wao walimtoa kwa Brooklyn mwaka 2017 na ili akubalike wakamuunganishia D'Angelo Russell, chaguo la pili la drafti (timu zinavyochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2015. Weka hilo kichwani, mkataba mbovu una bei yake na bei yenyewe ni kijana wako mzuri.

Je itajirudia? Dili jipya la tv na Disney, NBC na Amazon limeanza 2025-26, miaka 11, kama bilioni 76 hivi. Ila safari hii wameweka breki, kepu hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ndo maana 140.6 imekuwa 154.6, ni asilimia 10 kamili, piga mwenyewe uone. Hii inakupa dokezo zuri, mkataba uliosainiwa kabla kepu haijapanda unazidi kuwa mwepesi kila mwaka hata mchezaji asipoongeza kitu.

Angalia yuko ngazi gani

Kuna ukomo wa mtu mmoja pia. Mwenye miaka 0 mpaka 6 kwenye ligi kwa kawaida hawezi kuanzia zaidi ya asilimia 25 ya kepu, miaka 7 mpaka 9 ni asilimia 30, miaka 10 kwenda mbele asilimia 35. Kwa kepu ya 2025-26 hiyo ni milioni 38.7, milioni 46.4 na milioni 54.1. Hiyo ndo maksi. Halafu kuna supamaksi, mwenye miaka 7 mpaka 9 anaruka mpaka 35 akiwa kwenye timu yake na akiwa na tuzo zinazotakiwa, mfano MVP au kuwemo kwenye kikosi bora cha mwaka. Na tangu 2023-24 tuzo nyingi kubwa zinataka uwe umecheza mechi 65, kwa hiyo goti linaweza kukukosesha mamilioni bila hata kushuka kiwango.

Nyongeza ya kila mwaka nayo ina kanuni. Ukibaki na timu yako, wenyewe wanaita haki za Bird, jina la Larry Bird wa Boston, unaweza kupata miaka mitano na nyongeza ya asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Ukihama ukiwa mchezaji huru ni miaka minne na asilimia 5. Kwa kikokotoo chako, mshahara wa kwanza zidisha mara 5.8 ukibaki, mara 4.3 ukihama. Jaribu: 54.13 mara 5.8 unapata kama 314, na ndo ule mkataba wa Jayson Tatum na Boston wa 2024 uliotangazwa milioni 314. Hakuna aliyekaa mezani akabishana sana, ni kanuni tu.

Sasa hapa ndo nina msimamo ambao najua nitapingwa. Kwa kuwa kuna ukomo wa mtu mmoja, staa wa kweli kabisa wa daraja la juu hawezi kulipwa kupita kiasi akiwa mzima. Haiwezekani. Nikola Jokić, aliyechaguliwa namba 41 mwaka 2014, wangeachia soko huru angepewa zaidi ya nusu ya kepu na timu ingeona sawa. Anachukua asilimia 35 na ushee, ile tofauti ni faida ya Denver. Mkataba mbovu mara nyingi ni wa mtu wa pili au wa tatu anayelipwa kwa ngazi ya mtu wa kwanza. Bradley Beal ndo mfano hai. 2022 Washington walimpa miaka mitano milioni 251 na juu yake kipengele cha kukataa tredi, yaani bila idhini yake haendi popote. Mfungaji mzuri sana, sikatai. Phoenix wakamchukua 2023 kumuweka na Durant na Devin Booker, 2024 wakatolewa raundi ya kwanza na Minnesota bila kushinda mechi hata moja, 2025 hawakuingia pleiofu kabisa, na kwa sababu ya kile kipengele wakashindwa kumtoa. Julai 2025 wakaachana, Beal akasamehe kama milioni 14 katika 110 zilizobaki, na Phoenix watamlipa miaka mitano akichezea watu wengine.

Kwa hiyo unapoona maksi jiulize swali moja tu, huyu ukimuweka peke yake timu inashinda mechi ngapi. Kama jibu linakupa kigugumizi, basi hiyo maksi ina walakini.

Mikataba ya vijana, na stori ya Thabeet

Hapa tukae kidogo maana linatuhusu. Anayeingia kupitia raundi ya kwanza ya drafti hapangiwi mshahara kwa uwezo, anapangiwa kwa namba aliyochaguliwa. Miaka minne, miwili ya kwanza imehakikishwa, wa tatu na wa nne timu ndo inaamua kama inaendelea. Kijana akilipuka timu imeula. Victor Wembanyama, chaguo la kwanza la 2023, mwaka wake wa kwanza alilipwa kama milioni 12, asilimia 9 ya kepu. Asilimia tisa! Hakuna mkataba wenye thamani zaidi kwenye ligi kuliko wa kijana mkali aliye bado kwenye miaka yake minne, wala usidanganywe na supamaksi.

Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis. Nyuma yake James Harden wa tatu, Curry wa saba. Wote tunajua hilo na tumelia nalo vya kutosha. Ila mtazame kimkataba. Kwa namba aliyochaguliwa mshahara wake ulikuwa zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, hela nzuri kwa ruki, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, wa enzi zile, na msimu wa kwanza haujaisha Memphis wakampeleka ligi ya chini kwa Dakota Wizards, hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu vile akapelekwa huko kabla yake. Februari 2011 wakamtoa kwenda Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakampata Shane Battier. Battier miezi miwili baadae akapiga ile pointi tatu ya mwishoni iliyoipa Memphis mechi ya kwanza dhidi ya San Antonio, timu iliyoshika nafasi ya 8 ikaitoa ya 1. Mshahara wa Thabeet ulikuwa sehemu ya uzani uliofanya tredi ikubalike. Mwaka mmoja mbele Houston nao wakamtumia hivyohivyo kumpata Marcus Camby toka Portland. Mwaka wa nne wa mkataba wake hakuna timu iliyouchukua, 2012 akawa huru na Oklahoma City wakamsaini. Ukimpima kwa pointi ni huzuni, ukiupima mkataba wake utaona ulifanya kazi kwa timu mbili hata yeye akiwa amekaa benchi. Sisemi ni haki, nasema ndo mfumo ulivyo.

Soma maandishi madogo

Opsheni, yaani haki ya kuamua kama mwaka wa mwisho uwepo, ni ya nani? Kama mwaka wa mwisho mchezaji ndo anaamua, huo mwaka ni wake, akiwa mzuri ataondoka kwenda kudai zaidi, akiwa mbovu atabaki kula, timu inapoteza pande zote mbili. Kama timu ndo inaamua, geuza. Mikataba miwili ya milioni 60 kwa miaka mitatu inaweza kuwa tofauti mbinguni na ardhini kwa sababu ya neno moja hapo.

Angalia pia kama mwaka wa mwisho umehakikishwa wote au nusu, na kama kuna nyongeza ya tredi, hiyo inaweza kufika asilimia 15, timu inayompokea inajikuta inambeba kwa bei kubwa kuliko iliyoandikwa.

Na kukata. Timu ikimkata mchezaji kiangazi kabla Agosti haijaisha inaweza kuitandaza hela iliyobaki kwa miaka mara mbili ya iliyobaki ukijumlisha mmoja. Damian Lillard aliumia mshipa wa kisigino Aprili 2025, alikuwa amebakiza miaka miwili na kama milioni 113 Milwaukee. Mbili mara mbili ni nne, jumlisha moja, tano. Kwa hiyo Milwaukee wana milioni 22.5 kwenye vitabu vyao kila mwaka kwa miaka mitano za mtu ambaye hayupo, karudi zake Portland kwa milioni 42 za miaka mitatu. Kwanini walifanya? Walitaka nafasi ya kumsaini Myles Turner. Kwa hiyo ukiupima mkataba wa Turner pale Milwaukee uongeze na hiyo 22.5 juu, vinginevyo unajidanganya. Mi naona wamelipa bei mbaya mno kumpata senta, lakini walikuwa na hofu ya staa wao Giannis Antetokounmpo kuondoka na hofu haina kikokotoo.

Eproni, mahali ambapo mkataba mmoja unakuwa na bei mbili

Juu ya kepu kuna mstari wa kodi ya anasa, 2025-26 ni milioni 187.9. Juu yake kuna mistari mingine miwili inayoitwa eproni, eproni ya kwanza milioni 195.9, halafu eproni ya pili milioni 207.8. Zamani tajiri mwenye hela alivuka tu akalipa kodi akacheka. Mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023 umebadilisha. Ukivuka eproni ya pili hukatwi hela tu, unafungwa mikono. Huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumleta mmoja, huwezi kuweka hela taslimu kwenye tredi, ile nafasi ya ziada ya kusaini mtu wa mshahara wa kati unaipoteza, na chaguo lako la drafti la miaka saba mbele linagandishwa.

Sasa fikiria mchezaji wa milioni 30. Kwa timu yenye milioni 150 ni mtu wa kawaida tu. Kwa timu ambayo akiongezeka inavuka 207.8, huyohuyo anagharimu kodi inayoweza kuzidi mshahara wake mara kadhaa na juu yake kufungiwa milango. Boston walichukua ubingwa 2024. Mwaka mmoja baadae, Tatum kaumia mshipa wa kisigino Mei 2025 pale New York, wakamtoa Jrue Holiday na wakamtoa Kristaps Porziņģis, si kwamba walikuwa wabovu, walikuwa mabingwa hao. Hesabu ya eproni tu. Kwa hiyo usiulize "mkataba huu mzuri?" Uliza mzuri kwa nani.

Ndo maana mkataba wa Jalen Brunson naupenda. Julai 2024 alisaini kuongeza miaka minne kwa milioni 156.5 wakati angevuta subira mwaka mmoja angeweza kupata mpaka milioni 269 kwa miaka mitano. Watu wakasema kaacha milioni 113, si kweli sana maana ule ni mwaka mmoja zaidi na angeweza kuumia akiwa anasubiri. Ila nafasi aliyoiacha ndo iliwapa New York pumzi, wakamleta Karl-Anthony Towns, 2025 wakafika fainali ya mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000.

Wa chini, kwa kifupi

Kila timu ina nafasi tatu za mikataba ya njia mbili, mchezaji anapanda na kushuka kati ya NBA na ligi ya chini, analipwa nusu ya kima cha chini cha ruki na hazidi mechi 50. Kuna na mkataba wa siku 10 kuanzia Januari, hawa ndo waja leo waondoka leo wenyewe, wangejisikia nyumbani Tanga. Thamani yao haipo kwenye dola, ipo kwenye kwamba timu iliyobanwa na eproni inawahitaji sana watu wa bei hii, na kocha akiokota mmoja anayeweza kucheza dakika 15 za kueleweka kaokoa milioni kadhaa.

Na ukiwa unamhesabia mchezaji mwenyewe anachobeba nyumbani, asilimia 10 inazuiwa kwanza na ligi mpaka mahesabu ya mapato yafungwe, kodi ya serikali ya Marekani kwenye ngazi ya juu ni asilimia 37, wakala anachukua asilimia zake chache, na jimbo linachukua lake, California inafika asilimia 13.3 wakati Texas na Florida hazina. Ndo maana ofa ya Houston na ya Lakers zikilingana hazijalingana.

Sasa tufanye kazi

Chukua Jokić na Joel Embiid. Mikataba yao yote miwili ilianza 2023-24, yote asilimia 35, yote nyongeza ya asilimia 8. Kwa hiyo 2025-26 kila mmoja analipwa milioni 55.2, wamelingana. Asilimia ya kepu, karibu 36, wamelingana. Umri, Embiid ni wa 1994 na Jokić wa 1995, wamelingana. Wote MVP, Jokić 2021, 2022 na 2024, Embiid 2023. Kijiweni hapo mtu anakwambia mikataba ni sawa.

Ingia ndani sasa. Mechi: Jokić alicheza 79 msimu wa 2023-24 na 70 msimu wa 2024-25, na huo wa pili alimaliza na wastani wa tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na asisti. Embiid alicheza 39, halafu 19. Gawanya mshahara wa 2024-25, kama milioni 51.4, kwa mechi: Jokić ni kama dola laki saba na elfu thelathini na kitu kwa mechi, Embiid ni milioni 2.7 kwa mechi. Miaka: wa Jokić unaishia 2027-28 na mwaka wa mwisho anaamua mwenyewe. Wa Embiid ulikuwa na miaka miwili mbele wakati Philadelphia, Septemba 2024, walipomuongezea tena mitatu kwa milioni 193, unafika 2028-29 atakapokuwa na miaka 35, na mwaka wa mwisho nao anaamua yeye. Mwaka unaoamuliwa na mchezaji, kwa Jokić Denver wanaomba asiondoke, kwa Embiid Philadelphia wangefurahi akiondoka. Tredi: nani ana milioni 55 za kurudisha, na kama yuko juu ya eproni ya pili hawezi kuunganisha watu wawili kuzifikisha. Unabaki na timu chache sana.

Supamaksi ya kwanza ya Embiid mi siilaumu, alikuwa bora duniani au karibu na hapo. Ile nyongeza ya 2024 ndo siielewi, alikuwa katoka msimu wa mechi 39, goti limeshafanyiwa upasuaji, na mkataba wa zamani haukuwa karibu kuisha. Ukishapata tabia ya kutenganisha saini mbili za mtu mmoja namna hii, nusu ya ubishi wa kijiweni unaisha.

Ukitaka kujipima fanya hivi kabla ya soko kufunguliwa. Mazungumzo ya wachezaji huru yanaanza Juni 30 saa 12 jioni New York, kwetu ni saa 7 usiku kuamkia Julai 1, kusaini rasmi ni kuanzia Julai 6. Chagua majina matano, andika kila mmoja asilimia ngapi ya kepu ungempa na miaka mingapi, opsheni ya nani, halafu usifute. Kepu ya mwaka huo inakuwa inatangazwa siku hiyohiyo. Habari zikianza kushuka linganisha, na kule ulikopishana na timu kwa zaidi ya asilimia 5 ya kepu kafungue hesabu zao uone kama kuna eproni, haki za Bird au mtu waliyemkata ambaye bado wanamlipa.